Madame de Pompadour Kwenye Fremu Yake ya Kutarizia

Madame de Pompadour kwenye fremu yake ya kutarizia ni picha ya rangi za mafuta iliyochorwa na Mfaransa François-Hubert Drouais kati ya Aprili 1763 na Mei 1764. Inamwonyesha Jeanne-Antoinette Poisson, Marquise de Pompadour, ambaye kwa karibu miaka 20 alikuwa mwanamke mwenye usemi mkubwa kuliko wote katika kasri la Mfalme Louis XV wa Ufaransa. Ameketi chumbani, mbele yake kitambaa kimewambwa kwenye fremu, na mkononi ameshika sindano. Turubai lina kimo cha sentimita 217 na upana wa sentimita 156.8, kwa hiyo bibi huyu anamkabili mtazamaji akiwa na ukubwa unaokaribia wa mtu halisi. Picha ni mali ya National Gallery ya London tangu 1977.

Pompadour alichorwa mara nyingi, tena na mafundi wakubwa kuliko Drouais. Hata hivyo, hakuna picha yake nyingine iliyofanya kazi ngumu kama hii. Ilitakiwa kumwonyesha mwanamke aliyelaumiwa na nusu ya Ufaransa, tena kwa sababu zisizo ndogo, kama mama wa nyumbani aliyetulia na kazi yake ya mkono.

Yanayoonekana kwenye picha

Jicho hutangulia kwenye gauni kabla ya kufika usoni. Ni gauni la mtindo uliotia fora Ufaransa katikati ya karne ya 18: kiwiliwili kimebanwa, sketi imetanuka kushoto na kulia hadi kujaza sehemu kubwa ya chini ya picha. Kitambaa ni cheupe, kimetawanywa maua ya rangi rangi. Maua hayo juu ya weupe yanakumbusha vitambaa vya pamba vya India, ambavyo Wazungu walivipenda mno hata Ufaransa ikavipiga marufuku kuanzia 1686 ili kuwalinda wafumaji wake. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa 1759, miaka michache tu kabla ya picha hii. Kifuani kuna mafundo ya utepe, na viwikoni lesi zinamwagika tabaka juu ya tabaka. Lesi nyingine imefunika nywele zilizotiwa poda ya kijivu na kufungwa chini ya kidevu.

Kofia hiyo ya lesi inastahili kutazamwa mara mbili. Mwanamke wa kasrini anayekwenda dhifani hakufunga kichwa namna hii. Ni vazi la asubuhi, la mtu ambaye bado yuko kwake na hana haraka ya kumpokea mgeni. Lakini lesi yenyewe ni ya gharama ambayo mke wa mfanyabiashara angeiota tu. Mchoraji anasema mambo mawili kwa pumzi moja: huyu yuko nyumbani, na nyumba yenyewe si ya kila mtu.

Uso ni wa mwanamke wa miaka 41. Mashavu yametiwa rangi nyekundu kama desturi ya kasrini ilivyotaka, kidevu kimeanza kujaa, na tabasamu ni dogo, la mtu aliyekatizwa kazini na asiyekasirika. Drouais hakumrudisha ujanani, ingawa wachoraji wa sura wa zama hizo walilipwa kufanya hivyo hasa.

Kumzunguka kuna vitu vilivyowekwa kwa hesabu. Nyuma kuna kabati la vitabu na pazia zito lililokusanywa pembeni. Kuna mandolini, na kuna jalada kubwa la michoro. Karibu na fremu pana meza ndogo ya kazi yenye vibonge vya sufu. Mbwa mdogo mweusi amejinyoosha kwa miguu ya mbele akimtaka bibi yake amwangalie, na bibi hamwangalii, anatuangalia sisi. Kila kimoja ni ushahidi. Vitabu ni vya msomaji halisi: maktaba yake ilipouzwa 1765, orodha ilikuwa na zaidi ya vitabu 3,000. Jalada la michoro linamtaja mwanamke aliyejifunza kuchonga picha kwenye bamba la shaba chini ya mchoraji François Boucher, na aliyetoa mfululizo wa chapa kutokana na vito vilivyochongwa na Jacques Guay. Muziki nao haukuwa pambo. Kati ya 1747 na 1750 aliendesha jumba dogo la tamthilia ndani ya Versailles, ambamo yeye mwenyewe aliimba na kuigiza mbele ya mfalme.

Turubai ndani ya turubai

Juu ya meza ya kazi mchoraji ameacha maandishi yanayotaja jina lake na tarehe mbili: kichwa kilichorwa Aprili 1763, na picha ikamalizika Mei 1764. Ni nadra mchoraji kuweka wazi hivyo kwamba sehemu mbili za kazi moja zimepishana kwa mwaka mzima na zaidi. Katikati ya tarehe hizo kuna jambo ambalo maandishi hayalisemi. Madame de Pompadour alifariki Versailles tarehe 15 Aprili 1764, kwa maradhi ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 42. Drouais alimaliza kuchora gauni la marehemu.

Uchunguzi wa turubai unaeleza mpango wa kazi. Kichwa kimechorwa kwenye kipande tofauti cha turubai, cha mstatili, ambacho baadaye kiliunganishwa na turubai kubwa. Njia hii ilikuwa na maana yake. Mtu wa cheo hakuwa na saa nyingi za kukaa mbele ya mchoraji, na kubeba turubai la zaidi ya mita mbili hadi vyumbani mwake ilikuwa kero. Mchoraji alikwenda na kipande kidogo, akauchora uso mwenyewe akiwa mbele yake, kisha akarudi nacho kwenye karakana. Mengine yote, yaani mikono, lesi, mbwa na samani, yaliweza kuchorwa bila yeye kuwepo, kwa kutumia nguo iliyoazimwa na mtu wa kukaa badala yake. Uso uliokwisha kuchorwa uliweza pia kunakiliwa. Zipo picha ndogo za Pompadour wa Drouais, za kifua na kichwa tu, zinazotokana na uso huu huu.

Kwa hiyo tunachokiona London ni uso wa mtu aliye hai, uliopachikwa kwenye chumba kilichokamilishwa baada ya kifo chake. Ukijua hilo, utulivu wa picha hubadilika ladha.

Mwanamke mwenyewe

Alizaliwa Paris tarehe 29 Desemba 1721 katika familia ya watu wa fedha, si ya makabaila. Mwaka 1741 aliolewa na Charles-Guillaume Le Normant d'Étiolles, na akawa anafahamika katika mabaraza ya wasomi mjini Paris. Februari 1745, kulipofanyika dansi ya vinyago Versailles kusherehekea ndoa ya mrithi wa kiti cha ufalme, jina lake likaanza kutajwa pamoja na la mfalme. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ametengana na mumewe, amepewa umarquise, na ametambulishwa rasmi kasrini kama hawara wa mfalme. Cheo hicho kilikuwepo na kilijulikana, kikiwa na vyumba vyake na heshima zake. Kilichowaudhi makabaila ni kwamba safari hii kimekwenda kwa binti wa tabaka la wenye fedha.

Ilipofika karibu 1750 uhusiano wa kitandani ulikuwa umekwisha. Hapo ndipo habari yake inapopamba moto, kwa sababu hakuondoka. Aligeuka rafiki, mshauri na mlango wa kumfikia mfalme. Mwaka 1752 alipewa hadhi ya duchess. Mwaka 1756 aliteuliwa miongoni mwa wanawake wa heshima wanaomhudumia Malkia Marie Leszczyńska, yaani mke wa mwanamume aliyekuwa hawara wake. Kaka yake, Marquis de Marigny, alikuwa msimamizi mkuu wa majengo ya mfalme tangu 1751, na kwa mikono ya ndugu hawa wawili ilipita sehemu kubwa ya kazi za sanaa za serikali. Kiwanda cha kauri kilichohamishwa kutoka Vincennes hadi Sèvres mwaka 1756 kilisimama kwa msaada wake. Chuo cha kijeshi cha Paris, kilichoanzishwa 1751, alikipigania pia. Jumba alilonunua Paris 1753 ndilo leo Ikulu ya Élysée, makazi ya rais wa Ufaransa.

Mengine hayakumwendea vizuri. Binti yake wa pekee, Alexandrine, alifariki 1754 kabla ya kutimiza miaka 10. Mitaani ziliimbwa nyimbo za kumkejeli, zikiitwa poissonnades. Lililomharibia zaidi ni siasa ya nje. Aliunga mkono mwafaka na Austria uliotiwa saini Versailles 1756, na Vita vya Miaka Saba vilivyofuata viliishia kwa Mkataba wa Paris wa Februari 1763, ambao uliinyang'anya Ufaransa Kanada na milki nyingine nyingi. Si haki kumtwika mtu mmoja kushindwa kwa majemadari na mawaziri, lakini watu walimtwika. Miezi miwili tu baada ya mkataba huo, Drouais aliingia na kipande chake cha turubai kuchora uso wake.

Kwa nini tarizi

Kutarizi kwa namna inayoonyeshwa hapa ni ufundi uliofika Ulaya kutoka Asia. Kitambaa huwambwa kwenye fremu hadi kikazike kama ngozi ya ngoma. Fundi huweka mkono mmoja juu na mwingine chini, kisha hutumia sindano yenye ncha ya ndoano kuuvuta uzi upande wa juu, kitanzi ndani ya kitanzi, hadi mishono iwe mnyororo. Katika miaka ya 1760 ilikuwa fasheni mpya miongoni mwa wanawake wa Paris wenye nafasi. Ilikwenda haraka kuliko tarizi ya kawaida, ilifanyika huku mtu akizungumza, na ilionyesha mikono mizuri. Bibi wa picha hii hakukosa kulijua hilo la mwisho.

Kazi ya sindano ilikuwa pia na maana ya maadili iliyoeleweka kote Ulaya. Mwanamke anayeshona hakai bure, na asiyekaa bure hapati nafasi ya maovu. Jean-Siméon Chardin alikuwa ameijenga sifa yake kwa picha za wanawake wa kawaida wakiwa nyumbani, wakirudi sokoni, wakifuma, wakiwafundisha watoto dua kabla ya kula. Picha yake ya dua ya mezani alimkabidhi Louis XV mwaka 1740. Wanawake wa Chardin hawana majina, na nguo zao ni za kazi. Drouais ameuchukua wema wa chumba kile na kumvisha mwanamke mwenye jina kubwa kuliko yote nchini, bila kumvua hata lesi moja.

Tofauti na picha zilizotangulia ni kubwa. Katika picha ya Boucher ya 1756, iliyoko Munich, Pompadour ameegemea kwa madaha na kitabu mkononi, gauni la kijani limejaa mafundo na maua. Katika ile ya Boucher ya 1759, iliyoko Wallace Collection London, amesimama bustanini chini ya sanamu. Maurice Quentin de La Tour alimchora kwa chaki za rangi, kazi iliyoonyeshwa Paris 1755 na sasa iko Louvre. Pembeni yake aliweka vitabu ambavyo kanisa na wakubwa wengi wa kasrini hawakuvipenda, ikiwemo mojawapo ya juzuu za kamusi elezo ya Encyclopédie. Huyo alikuwa Pompadour mlezi wa wanafikra. Carle van Loo naye, kwa ajili ya chumba cha kulala kwenye kasri lake la Bellevue kilichopambwa kwa mtindo wa Kituruki, alichora mwaka 1755 masultana wa kubuni, mmoja akipokea kahawa na wengine wawili wakitarizi. Fremu ya tarizi, basi, iliwahi kuonekana kwake kabla, lakini ndani ya ndoto ya harem. Miaka minane baadaye imerudi ikiwa kifaa cha mama wa makamo.

Ndiyo maana si sahihi kuiita picha hii ya faragha. Mtu wa faragha haagizi turubai la zaidi ya mita mbili. Unyumba wake ni tangazo la kisiasa: asiye tena mpenzi wa mfalme, na asiye mke wake, anadai nafasi ya tatu ambayo desturi haikuipa jina, ya rafiki mwenye heshima anayestahili kuwepo. Kama dai lilikubaliwa ni jambo jingine. Kwa kawaida asiye wa ukoo wa kifalme hakuruhusiwa kufia Versailles. Yeye aliruhusiwa.

Mchoraji

François-Hubert Drouais alizaliwa Paris 1727, mwana wa mchoraji wa sura Hubert Drouais, na miongoni mwa walimu wake walikuwamo Carle van Loo na Boucher. Alipokewa kikamilifu katika Akademia ya Kifalme mwaka 1758. Wateja wake walikuwa watu wa kasrini na watoto wao: mwaka huohuo wa 1763 alichora wajukuu wa mfalme, Comte d'Artois na dada yake Clotilde. Pompadour alipoondoka, alimchora pia Madame du Barry, hawara aliyefuata. Biashara ni biashara.

Wahakiki hawakumwonea huruma. Denis Diderot alilalamika kwamba nyuso za Drouais ni wekundu wa thamani uliopakwa juu ya chaki nyeupe laini. Kwa picha zake nyingi lawama hiyo inashika, ukiwatazama watoto wake wenye mashavu ya wanasesere. Kwa picha hii inashika nusu. Ngozi kweli ni laini kupita kiasi, lakini macho yana akili, na mdomo una uchovu ambao chaki peke yake haiwezi kuuleta. Katika nguo hana mpinzani: lesi ameichora kwa subira ya fundi aliyeitengeneza, na bado haikauki ikawa orodha ya mishono.

Drouais alifariki 1775. Mwanawe Jean-Germain, aliyezaliwa Novemba 1763 wakati turubai hili likiwa bado halijakamilika, alikuja kuwa mwanafunzi mashuhuri wa Jacques-Louis David na kufuata mtindo ulioyazika maua na lesi za baba yake. Aliaga dunia Roma 1788, akiwa na miaka 24.

Kutoka Mentmore hadi London

Kabla ya kununuliwa na National Gallery picha ilikuwa katika mkusanyo wa Mentmore, jumba la mashambani Uingereza lililojengwa katika miaka ya 1850 kwa ajili ya Mayer de Rothschild. Binti yake Hannah aliolewa 1878 na Earl wa tano wa Rosebery, na jumba likaingia katika ukoo huo. 

Earl wa sita alipofariki 1974, warithi walidaiwa kodi kubwa ya urithi. Waliipa serikali nafasi ya kununua jumba na vyote vilivyomo kwa pauni milioni 2, serikali ikasita hadi nafasi ikapita, na Mei 1977 mali ikapigwa mnada, ikaleta zaidi ya pauni milioni 6. Pompadour alinusurika kwa kununuliwa kwa ajili ya umma. Mnada huo uliacha funzo chungu kwa wanaotegemea orodha: turubai lililouzwa kwa pauni 8,000 kama kazi ya Carle van Loo liligunduliwa kuwa la mchoraji Fragonard, na National Gallery ikalazimika kulinunua baadaye kwa bei ya juu mno.

Picha hutunzwa katika jengo la Trafalgar Square, ambako kuingia kuona mkusanyo wa kudumu ni bure. Atakayefika aanze na meza ya kazi, asome zile tarehe mbili, kisha ndipo auangalie uso.